Tulipewa Ugomvi, Habari Ikatupita

Tarehe 1 Oktoba 2024 mambo mawili yalitokea nchini Kenya kwa wakati mmoja. NHIF, bima ya afya iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifikia kikomo na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaanza kazi mahali pake. Siku iyo hiyo, mbunge wa Kibwezi Magharibi, Mwengi Mutuse, aliwasilisha katika Bunge la Kitaifa hoja ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua.

Mwezi mzima uliofuata, taarifa ya saa moja jioni ilianza na Gachagua. Kurasa za kwanza zilikuwa zake. Redioni asubuhi, mtangazaji alifungua simu na watu wakamjadili yeye: amesalitiwa, amejiponza, Mlima Kenya, eneo la kwao, umekasirika, Rais amemchoka. SHA ilikuja baadaye kwenye taarifa, karibu na michezo, na mara nyingi ilikuja kama kilio tu. Mgonjwa analia mbele ya kamera, waziri anakanusha, tunahamia habari nyingine.

Sisemi kwamba kubanduliwa kwa naibu rais ni jambo dogo. Halikuwa limewahi kutokea tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika. Wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa tarehe 8, na Seneti ikakamilisha kazi usiku wa tarehe 17. Hoja ile ilikuwa na mashtaka 11, na Seneti ilimpata na hatia kwa 5 kati yake. Sasa muulize mtu aliyefuatilia sakata lile tangu mwanzo hadi mwisho akutajie hayo matano. Mimi nimeuliza wengi. Wanakumbuka aliyelia, aliyekimbizwa hospitalini siku ya kujitetea, na nani alimwita nani msaliti. Hata habari kubwa kiasi kile, iliyogusa vifungu vya Katiba, tuliletewa kama ugomvi wa wanaume wawili waliokosana.

Ndiyo maana nasema lawama tunayovitupia vyombo vya habari huwa inakosa shabaha. Tunalalamika kwamba havina jema la kusema kuhusu siasa. Viongozi ndio wanaopenda zaidi lalamiko hilo, na nitalirudia baadaye. Kinachonikera mimi ni kwamba ukali wote unamwagwa kwenye maneno ya wanasiasa, halafu ukifika kwenye kazi yao umeshakwisha.

Jumanne ile ya tarehe 8 nilikuwa hospitalini na shangazi yangu, ambaye figo zake zimechoka na anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Miaka yote NHIF ilikuwa inalipa. Tulifika mapema, tukakaa kwenye viti vya chuma karibu na dirisha la malipo. Binti aliyekuwa dirishani alibonyeza kompyuta, akangoja, akabonyeza tena. "Mfumo bado haujafunguka, mama," alimwambia shangazi kwa upole. "Jaribuni kukaa kidogo, au mlipe taslimu halafu tutaona." Taslimu hatukuwa nayo. Nyuma yetu kulikuwa na mzee na mwanawe, na nyuma yao mama aliyembeba mtoto mwenye bandeji kichwani.

Ukutani kulikuwa na televisheni, sauti imefunguliwa. Bunge lilikuwa hewani moja kwa moja. Watu wa kwenye viti walikuwa wamegawanyika, huyu anamtetea Gachagua, yule anasema aende. Maneno yalipanda, mlinzi akaja kuwatuliza. Na katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyejua kama aliyekuwa amelipa NHIF hadi Desemba pesa zake zimehamia SHA au zimepotea. Hapakuwa na aliyejua kama anayefanya kibarua atalipa kwa mwezi kama zamani au atatakiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Mzee wa nyuma yetu alikuwa na hakika kwamba kadi yake ya zamani bado inafanya kazi. Mwanawe alisema alibonyeza *147# akaambiwa amesajiliwa, ila hakujua amesajiliwa kwenye nini hasa.

Shangazi, aliyekuwa kimya muda mrefu, alitazama juu na kuuliza, "Na hawa wanaozungumza, hii SHA wataitaja saa ngapi?"

Majibu ya maswali yale yalikuwepo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, mwaka mzima kabla ya siku ile. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwajiriwa angekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote bila ukomo wa juu, wakati NHIF haikuwahi kumkata mtu zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Kiwango cha chini kiliwekwa shilingi 300. Kulikuwa na mifuko mitatu: wa huduma za msingi, wa bima yenyewe, na wa dharura na magonjwa sugu. Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Julai 2024, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, siku chache tu kabla ya mfumo kuanza. Hizi zote zilikuwa habari. Nyingi zilitajwa, mara moja, kwa aya mbili tatu. Ila hakuna aliyezirudia kila siku kama tulivyorudiwa ya Gachagua, na mwananchi anayejitafutia riziki hashiki jambo la sheria kwa kulisikia mara moja.

Wataalamu wana maelezo yao ya kwa nini inakuwa hivi. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichunguza jinsi magazeti ya kwao yalivyoripoti machafuko ya Kongo, Kuba na Kupro. Walijaribu kuorodhesha kinachofanya tukio moja liwe habari na jingine liachwe, na ubaya ulikuwa mmojawapo wa sababu hizo. Jambo baya hutokea ghafla na huonekana wazi, na watu hukubaliana haraka kwamba ni baya. Jambo jema hujengwa polepole, na halina siku moja ambayo mpiga picha anaweza kuitwa. Mwaka 2023 wengine walipima vichwa vya habari zaidi ya 105,000 vya tovuti moja ya Marekani, wakakuta kwamba kila neno baya linaloongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida huongeza wanaokibonyeza kwa asilimia 2.3. Kwa mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa kampuni inayohesabu mamilioni ya wasomaji kila siku, ni mishahara.

Hayo ni ya dunia nzima. Lakini sisi tuna utaratibu wetu, na nadhani huo ndio unaotumaliza.

Angalia habari za siasa za Jumapili jioni na magazeti ya Jumatatu. Zinatoka wapi? Wikendi bunge limefungwa, mahakama zimefungwa, ofisi za wizara hazina mtu. Kilicho wazi ni matanga, mazishi, harusi, harambee na ibada. Mwanasiasa anajua hivyo, na ratiba yake imepangwa kwa hesabu hiyo. Anafika mazishini na msafara, anapewa kipaza sauti, anampa pole mjane kwa sentensi moja, kisha anamgeukia mpinzani wake. Hapa Pwani nimekaa kwenye matanga ambapo marehemu alitajwa mwanzoni na mwishoni tu, na katikati yote ikawa ni uchaguzi wa 2027. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana, likiongozwa na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, lilipiga marufuku siasa madhabahuni, na nililipenda sana tangazo lile. Wanasiasa wengi walichofanya ni kusogea hadi nje ya lango na kuongea na kamera pale pale, kwa sababu kamera zilikuwa zimewafuata wao.

Na kamera zinafikaje huko? Nina rafiki ambaye ni mwandishi wa mashinani. Hana mshahara. Analipwa kwa kila habari inayochapishwa, na isiyochapishwa ni nauli iliyopotea. Anatumia simu yake, bando lake, na mara nyingi pikipiki ya kukodi. Mwanasiasa akiandaa mkutano huko ndani, ofisi yake hutuma gari la kuwabeba wanahabari, huwapa chakula cha mchana, na baadhi huondoka na bahasha. Rafiki yangu hapendi bahasha na amenieleza kwa uchungu jinsi anavyoonekana na wenzake anapoikataa. Lakini gari analipanda. Asipopanda hatafika.

Mwaka uliopita aliandika habari kuhusu zahanati moja ambayo ujenzi wake ulikamilika, ikapakwa rangi, kisha ikabaki na kufuli kwa sababu hapakuwa na muuguzi wa kupelekwa wala bajeti ya dawa. Alikwenda mwenyewe, akaongea na akina mama wanaoipita kila siku kwenda kujifungulia mbali, akatafuta makadirio ya bajeti ya kaunti na kuyasoma. Alipopiga simu chumba cha habari, swali la kwanza aliloulizwa ni nani amemlaumu nani. Akajibu kwamba hakuna aliyemlaumu mtu, zahanati imefungwa tu. Akaambiwa amtafute mwakilishi wadi au seneta amshambulie gavana juu ya jambo hilo, ndipo itakuwa habari. Alimpata mwanasiasa kwa urahisi kabisa. Habari ilitoka, na kichwa chake kilikuwa juu ya mwanasiasa kumpasha gavana. Zahanati ilikuwa aya ya sita. Siku ya pili gavana alijibu mapigo, nayo ikatoka, na aya ile ya sita haikuwemo tena.

Simlaumu mhariri yule peke yake. Naye ana wakubwa wanaomhesabia, na vyombo vyenyewe vimekosa pesa. Serikali kwa miaka mingi imekuwa mteja mkubwa wa matangazo, na bado inadaiwa na kampuni nyingi za habari. Machi 2024 iliagiza wizara na mashirika yake yapeleke matangazo yao KBC, shirika la utangazaji la serikali yenyewe. Chombo kilichonyimwa matangazo kinapunguza waandishi. Wanaopunguzwa kwanza ni wale wanaochukua mwezi mzima kuchimba habari moja, kwa sababu gharama yao inaonekana. Aliyebaki ana habari nne za kuwasilisha kabla ya jioni. Atamwita mwanasiasa mmoja aseme, atampigia wa pili ajibu, na kazi imekwisha bila kutoka kwenye kiti. Ugomvi ni habari rahisi kuliko zote kuiandaa.

Ubaya wake ninauona kwa watu ninaowapenda. Kaka yangu alikuwa msikilizaji sugu wa redio, yule wa kunyamazisha nyumba nzima saa moja ikifika. Siku hizi anasikiliza mpira na taarab, na ukimtajia siasa anakukata kwa maneno mawili: wote wezi. Hayuko peke yake. Taasisi ya Reuters ya Oxford, ambayo kila mwaka huuliza watu wa nchi nyingi, siku hizi Kenya ikiwemo, ilikuta mwaka 2017 kwamba asilimia 29 huzikwepa habari mara kwa mara au mara nyingine. Kufikia 2024 walikuwa asilimia 39. Na huko nyuma, mwaka 1997, watafiti wa Marekani Joseph Cappella na Kathleen Hall Jamieson walionyesha kwamba watu wanaolishwa habari za siasa kama mchezo wa nani kamzidi nani huishia kuamini kwamba kila mwanasiasa anajitafutia yake, tofauti na wanaopewa habari za masuala yenyewe.

Wote wezi. Hebu fikiria nani anayefaidika na kauli hiyo. Mtu aliyesaini malipo hewa mwezi wa tatu, ambaye jina lake lipo kwenye ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hakuna kinga bora anayoweza kuipata kuliko taifa zima kuamini kwamba hana tofauti na wenzake. Hatatafutwa yeye. Akisimama kugombea tena, ataulizwa tu analeta kiasi gani. Na yule mwakilishi wadi mmoja anayekaa kamati ya bajeti hadi usiku, anayesoma kila ukurasa na kuuliza maswali, naye yumo ndani ya "wote". Juhudi yake haijawahi kuwa habari, kwa hivyo hata wapiga kura wake hawaijui.

Sasa niwarudie viongozi. Wao wakisikia mazungumzo haya huyakamata haraka. Wanatuambia tuandike mema, tuache kuichafua nchi, tuonyeshe miradi. Sikubaliani nao hata kidogo, na historia yetu iko upande wangu. Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi kuanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata, na marufuku ile haikuokoa mtu. Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa na zikabaki gizani kwa siku kadhaa, hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zirudishwe. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza maandamano yasirushwe moja kwa moja, mitambo ikazimwa, na mahakama ikalazimika kuingilia tena.

Na kuna 2013, mwaka ambao vyombo vilijizima vyenyewe. Baada ya majeraha ya 2007, na baada ya mtangazaji wa redio, Joshua arap Sang, kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa machafuko yale pamoja na William Ruto, katika kesi iliyokuja kukatizwa mwaka 2016, wahariri wengi waliingia kwenye uchaguzi na hofu. Amani, amani, amani. Siku ya kura vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi. Mfumo wa kupeleka matokeo nao ukakwama. Maswali yalikuwa mengi na yalistahili kuulizwa kwa sauti usiku ule ule, lakini studio zilizungumza kwa utulivu ambao hata sisi watazamaji ulitutia wasiwasi. Hayo ndiyo mema wanayoyataka. Siyahitaji.

Habari bora za siasa nilizosoma maishani mwangu ni mbaya tupu. Oktoba 2016 gazeti la Business Daily lilichapisha yaliyokuwemo kwenye ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Afya, kuhusu shilingi bilioni 5 ambazo matumizi yake hayakueleweka. Mwaka 2020 wanahabari walifichua jinsi zabuni za vifaa vya korona zilivyogawanywa pale KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, baadhi zikienda kwa kampuni changa kabisa. Ukimaliza kusoma habari kama hiyo unajua ofisi, unajua kiasi, unajua tarehe. Una swali la kumuuliza mbunge wako akija. Hasira yake ina pa kwenda.

Juni 2024 tuliona jambo hilo kwa kiwango ambacho sikuwahi kukiota. Vijana waliuchukua Mswada wa Fedha wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakaueleza kwenye TikTok kwa dakika mbili mbili. Ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Tarehe 18 Juni kamati ya fedha iliviondoa vipengele hivyo, na bado vijana waliendelea kuusoma uliobaki. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na tarehe 26 Rais Ruto akasema hatausaini. Walilipa kwa damu: kufikia mwanzoni mwa Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Nani atasema vijana hawapendi habari za siasa? Walizitaka. Walizitengeneza wenyewe kwa sababu kwenye meza za kawaida hawakuzikuta.

Miezi mitatu tu baadaye ikaja Oktoba, na vyumba vya habari vikarudi kwenye Gachagua na Ruto kana kwamba Juni haikuwa imewafunza kitu.

Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo wa kompyuta unaoendesha SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Ni mfumo ule ule uliokuwa haujafunguka pale dirishani. Nani anaumiliki, analipwa vipi, nani alikubali masharti hayo? Maswali haya yalifaa kuulizwa kila jioni tangu siku ya kwanza, kwa bidii ile ile tuliyoitumia kujua Gachagua amelala hospitali gani.

Shangazi alisafishwa damu siku iliyofuata ile Jumanne, baada ya ndugu kuchanga.

Sasa kampeni za 2027 zimeanza kabla ya wakati wake, na matanga ya Jumamosi yamejaa magari makubwa. Mimi nimeanza kutuma kurasa kutoka ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kwenye kundi letu la WhatsApp la kijiji. Ripoti hizi hutoka kila robo mwaka na ziko wazi kwa yeyote mwenye simu. Katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha hujitokeza kaunti ambazo hazijatumia hata shilingi moja kwa maendeleo huku mishahara ikilipwa. Madeni ya kaunti zote kwa wakandarasi na wauzaji yamepita shilingi bilioni 150. Mwanzoni hakuna aliyejibu. Kisha mtu aliuliza barabara yetu iko ukurasa gani. Mwingine, ambaye ni fundi na anaidai kaunti pesa za madawati, alitaka kujua kama deni lake limo kwenye orodha. Kaka yangu naye aliuliza, kwa ujumbe wa faragha, ile zahanati iliyofungwa ilitengewa shilingi ngapi za dawa. Nilimtumia ukurasa. Akaniuliza tena kikao kijacho cha maoni ya bajeti ni lini, na kinafanyikia wapi.